Kidole cha Pete

Tumefundishwa kutoboa kidole cha pete:
hakina ngozi ngumu ya gumba,
wala hakimnyooshei mtu lawama kama cha shahada.
Kuanzia Ngomeni hadi Mkanyageni, miaka sita sasa,
nimeshika vidole vingi kuliko sonara.
Napangusa kwa spiriti, natoboa, naomba radhi.
Tone linakaa kwenye kioo. Najaza fomu:
jina, umri, babu alitoka wapi.

Hapo kwenye babu ndipo foleni husimama.
Maana hapa Muheza babu wa mtu ni habari ndefu:
alishuka treni akitokea Tabora, akitokea Songea,
namba shingoni, mkataba mfukoni, kukata mkonge;
akaoa kwa Wabondei, akazikwa kwa Wazigua.
Mkonge uliondoka na meli. Yeye kabaki damuni,
na mashine ya Dakta Kihiyo inamsoma upya
bila kulijua jina lake.

Mwanakombo alikuja Jumatano na Hiza mgongoni,
mtoto wa mwaka na nusu, macho ya manjano,
viganja vimeumuka kama maandazi.
Mawifi wamesema ni mkono wa mtu.
Mama mkwe kasema: kwetu damu hiyo hatuna, kaja nayo yeye.
"Niambie wewe uliyesoma. Nani kakosa?"

Nikamsogezea hadubini.
Chembe nzima, mviringo, kama visahani vya kahawa;
na kati yao zile zilizopinda.
Akanyamaza. Kisha: "Kumbe mundu kweli."
Kweli, mama Hiza. Waliolitoa jina hawakutia chumvi.
Herufi moja, katika kitabu cha herufi bilioni tatu,
imeandikwa sivyo, na seli inajikunja.
Moja imetoka kwako, moja kwa babake.
Hata hao mawifi, wakinipa vidole,
sitashangaa nikiikuta.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu, na nusu ya pili
sikuweza kuisema vizuri, bado naitafuta:
kwamba herufi hiyo hiyo, ikiwa moja tu,
ikikaa ubavuni mwa nzima,
malaria kali hukosa pa kushika.
Zamani, kabla ya chandarua, kabla ya kwinini,
mbu alipita nyumba kwa nyumba kama mtoza kodi;
wenye kosa moja walilipa kidogo, wakabaki, wakazaa.
Wengi wa waliokuwa safi walizikwa na utoto wao.
Hakuna aliyepanga. Mbu hana daftari.
Ni vifo tu, vikirundikana karne juu ya karne,
mpaka kosa likawa urithi.

Nasema haya nikimkumbuka Semboja.
Masika niliyokuwa na miaka saba tulilala jamvi moja,
tukaumwa na mbu wale wale, homa ikatushika sote.
Mimi siku ya nne niliomba uji.
Damu yake haikupimwa kamwe, kwa hiyo siwezi kusema.
Yangu niliipima mwenyewe, zamu ya usiku, mlango nimeukomea:
mistari miwili, mmoja wa kawaida, mmoja wa mundu.
Nilikaa nayo mpaka jenereta likazimwa.
Nimshukuru nani?
Na radhi nimwombe nani?

Mwanakombo aliondoka na vidonge vya foliki
na tarehe ya kurudi.
Mlangoni akageuka: "Basi aliyekosa ni mbu."
Sikumsahihisha.

Jumamosi naenda Pongwe kwa kina Mwanjaa.
Mjomba wake ameshaulizia barua ya posa mara mbili.
Pete ninayo, mfuko wa shati,
ndani ya bahasha mpya ya maabara, sikupata nyingine.
Lakini kwanza nitakiomba kidole chenyewe,
kikiwa kitupu. Tone moja.
Mkono wangu hautetemeki, nimeshafanya hivi mara elfu.
Ni sentensi ya kuanzia ndiyo nimekuwa nikiijaribu tangu Jumatano,
njiani, bafuni, mbele ya mirija.
"Mwanjaa," nasema,
na kuishia hapo.